Nilikwenda Kliniki Peke Yangu

Mara ya kwanza nilipokwenda kliniki ya wajawazito nilirudishwa nyumbani kwa sababu sikuwa na mwanamume.

Mimba ilikuwa ya miezi minne. Niliamka mapema, nikaoga, nikavaa gauni jipya nililojishonea, maana mimi ni fundi cherehani na sikutaka kwenda kupimwa nikiwa nimevaa kama mtu anayeomba radhi. Zahanati ilikuwa mwendo wa dakika ishirini kutoka chumba nilichopanga Chang'ombe, hapa Dodoma. Upepo wa Julai ulikuwa unavuma, ule wa kwetu unaopuliza vumbi mpaka kwenye meno. Nilipofika, benchi lilikuwa limeshajaa wanawake, na karibu kila mmoja alikuwa na mwanamume pembeni yake, kainamia simu.

Aliyekuwa akiandikisha alikuwa muuguzi wa makamo, miwani imeshuka puani. Aliniuliza bila kuinua kichwa.

"Mwenza wako yuko wapi?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Hilo naliona. Nauliza baba wa mtoto."

"Hayupo."

"Hayupo kasafiri, hayupo kafariki, au hayupo vipi?"

Benchi zima likanigeukia. Hata wale wanaume waliacha simu zao.

"Hayupo," nikarudia.

Akaweka kalamu chini. Akanieleza, kwa sauti ya mtu aliyeyasema maneno hayo mara nyingi, kwamba hudhurio la kwanza wanapimwa wawili, na asiye na mwenza anatakiwa kuleta barua ya mtendaji wa mtaa. Nikamwomba anipime mimi kwanza, barua nitaileta kesho. Akasema utaratibu ni utaratibu. Kisha akaita, "Anayefuata."

Nilitoka nikiwa nimenyoosha shingo. Nililia nilipofika nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, mahali ambapo hakuna mtu wa kliniki angeniona.

Sasa nimseme huyo baba, nimmalize. Alikuwa dereva wa gari dogo la mizigo, akibeba samaki kutoka bwawa la Mtera kuja kuwauza mjini. Tulikuwa pamoja kwa miaka miwili. Nilipomwambia nina mimba hakukasirika, hakukana. Alisema tu tuitoe, tujipange, mwingine atakuja. Akasema hivyo siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, kwa upole uleule, kana kwamba anazungumzia safari ya kuahirisha. Siku ya nne nilikunja nguo zake, nikazipanga kwenye mfuko, nikauweka barazani na kufunga mlango. Alikuja akauchukua. Hakugonga.

Nalieleza hili kwa sababu watu wote walilielewa kinyume. Mtaani ilishaenea kwamba nimeachwa. Wanawake niliowashonea sare za watoto wao walianza kuniita "pole" badala ya jina langu. Jirani yangu wa chumba cha pili, ambaye ana moyo mzuri kuliko akili, alikuja na ushauri.

"Si umchukue hata bodaboda? Wenzako wote wanafanya hivyo. Anakwenda pale, anajiita mume, anapimwa, basi, yamekwisha. Yule wa kijiweni ameshakuwa mume wa watu watatu tangu mwaka uanze."

"Na akiulizwa jina langu la pili?"

"Mnaelewana njiani."

Nilikataa. Sikumkatalia kwa sababu ya utakatifu. Nilikataa kwa sababu mtoto wangu alikuwa hajazaliwa na tayari walitaka aingie daftarini kwa uongo, uongo ambao mimi ndiye ningeubeba, si wao waliouweka ule utaratibu.

Lakini hapa lazima niseme na kosa langu. Kiburi changu kilikuwa sahihi, ila nilikitumia vibaya. Nilisema kama hawanitaki, nami siwataki. Wiki zikapita, ukaingia mwezi wa pili. Nilishona, nilikula udongo niliokuwa nanunua sokoni, nilikunywa maji mengi, nikajiambia bibi yangu alizaa watoto tisa huko Bahi bila daftari la mtu. Watatu kati ya hao tisa walikufa kabla ya kutambaa, lakini hilo sikujikumbusha. Miguu ilipoanza kuvimba nilisema ni cherehani, ninakanyaga sana. Viatu vilipogoma nikavaa ndala.

Aliyenizindua ni mhudumu wa afya wa mtaa wetu, mmoja wa wale wanaojitolea kupita nyumba kwa nyumba na fulana na daftari. Alikuwa mwanamke mfupi, mjane, anayeuza vitumbua asubuhi na kupita majumbani mchana. Alikuja kuuliza kuhusu vyandarua. Akaangalia tumbo langu, akaangalia ndala zangu, akaomba kadi ya kliniki.

"Sina."

"Huna umepoteza, au huna hujaenda?"

Nikamsimulia yote, na nilivyokuwa nasimulia nilitegemea aseme pole. Hakusema. Alivuta kigoda akaketi.

"Una haki," akasema. "Walikosea. Lakini hasira yako haimpimi mtoto presha. Wewe unawakomoa wao, na wao hawajui hata kama umekasirika. Wanakunywa chai."

Nikarudisha miguu chini ya cherehani.

"Kesho tunakwenda ofisi ya mtaa," akasema. "Barua waandike. Ila uwe na adabu."

Nilimuahidi adabu. Adabu nilikuwa nayo mpaka nilipoisoma barua.

Mtendaji wa mtaa wetu alikuwa kijana mstaarabu, tai imekaa vizuri, kompyuta mezani na foleni ya watu ukutani: wenye kesi za viwanja, wenye kutaka barua za kufungua akaunti, wazee waliokuja kuulizia bima. Hakunisumbua kwa maswali. Mhudumu alimweleza shida yangu kwa sauti ya chini, akaitikia, akafungua barua iliyokwisha kuandikwa, akabadilisha jina, akaichapa. Muhuri ulikuwa tayari mkononi aliponipa niisome. Ilisema mwenye barua hii ni mkazi wa mtaa huu, ni mjamzito, na *ametelekezwa na mwenza wake*.

"Mtendaji, naomba uliondoe hili neno."

"Neno gani?"

"Ametelekezwa."

Akatabasamu. "Dada, ndivyo tunavyoandika kwa wote. Kliniki wamezoea hivyo."

"Mimi sijatelekezwa. Mbuzi aliyefungwa porini mwenyewe akaondoka, huyo ametelekezwa. Mimi nyumba ni yangu, mlango niliufunga mimi."

"Sasa niandike nini? Kwamba wewe ndiye umemtelekeza yeye?"

Foleni ikacheka. Mhudumu alinifinya kwenye mkono, nikajua ndiyo ile adabu ananikumbusha.

"Andika kwamba mimi ni mkazi wako, ni mjamzito, na ninahudhuria kliniki mwenyewe. Hayo yote ni kweli. Hilo lingine hujui kama ni kweli, na muhuri unagonga."

Alisema kliniki hawataikubali. Nikamwambia wakiikataa nitarudi, nami nitaketi kwenye kiti hikihiki mpaka waikubali. Alisema ana watu wengi wa kuhudumia. Nikasema nawaona, na nikaendelea kuketi. Tukatazamana. Kule ukutani mzee mmoja aliyeshika fimbo akakohoa.

"Mwandikie, mwanangu," akamwambia mtendaji. "Neno moja tu. Nasi tupate zamu."

Mtendaji akaigeukia kibodi. Alilifuta lile neno herufi moja moja, kwa kubonyeza kwa nguvu, ili nisikie jinsi nilivyomsumbua. Nilisikia. Nilifurahia kila mbofyo.

Nje, mhudumu alitembea kimya hadi tukavuka barabara. Nikadhani amekasirika. Kumbe alikuwa anazuia kicheko.

Kesho yake nilirudi zahanati na barua yangu. Muuguzi alikuwa yuleyule, miwani ileile. Mbele yangu alikuwapo dada mmoja aliyefuatana na bodaboda, bado amevaa jaketi la kazi. Muuguzi alimtazama yule mwanamume muda mrefu.

"Baba, wewe si ulikuwa hapa wiki iliyopita na mke mwingine?"

"Ni mdogo wake," akasema yule bwana.

"Mdogo wa nani?"

Hakujua amalizie vipi. Benchi likacheka, na dada wa watu akatazama sakafu. Sikucheka. Niliona jinsi alivyoshika mkoba wake kwa mikono miwili. Zamu yangu ilipofika nilikuwa tayari nimejaa maneno ya kumtupia yule muuguzi.

Akasoma barua. "Hii haina sababu."

"Sababu ni mimba, sista."

Akainua uso. Sijui kama alinikumbuka. Akafungua mdomo ajibu, kisha macho yake yakashuka hadi kwenye miguu yangu, na yakabaki hapo.

"Miguu hii imeanza lini?"

"Kama wiki tatu."

"Kichwa kinauma?"

"Mara mojamoja."

Aliinuka. Hakuita mtu, hakusema anayefuata. Alinishika kiwiko akanipeleka ndani, akanifunga kile kitambaa cha presha mkononi, akapima. Akaniambia nilale ubavu, nipumzike. Akapima tena. Nilimwona akiandika namba na kuipigia mstari. Akanipa kikopo cha mkojo, nikaenda nikarudi, akachovya karatasi yake ikabadilika rangi. Wakati huo hakuna aliyenitajia mwenza.

"Presha iko juu," akasema, "na kuna protini kwenye mkojo. Leo unakwenda hospitali kubwa, nakuandikia rufaa. Ulikuwa wapi siku zote hizi?"

"Nilikuja. Ulinirudisha."

Akaitazama ile namba aliyoipigia mstari. Nje mtoto wa mtu alikuwa analia.

"Ungenipima siku ile," nikasema, "ungejua."

"Siku ile labda presha ilikuwa sawa," akajibu polepole. "Lakini ningekuwa na ya kulinganisha. Hilo ni kweli." Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa sare. "Nawe ungerudi kesho yake. Hilo nalo ni kweli."

Tulibaki hivyo, kila mtu na kweli yake. Kisha akanijazia kadi kuanzia juu mpaka chini, na ile sehemu ya mwenza akachora mstari mmoja, mnyoofu, akaendelea.

Hospitali walinilaza siku nne, wakanipa dawa za presha, wakanipa ratiba ya kurudi kila baada ya wiki mbili na orodha ya dalili za hatari: kichwa kugonga, macho kuona vimulimuli, maumivu juu ya tumbo. Niliibandika ukutani juu ya cherehani. Ndipo nikampigia mama.

Mama yangu ni mjane, anaishi kijijini upande wa Bahi, na ni mtu wa kanisa kwelikweli, wa kufua vitambaa vya madhabahu. Kiswahili kwake ni lugha ya sokoni na ya ofisini. Mambo ya moyoni huyasema kwa Kigogo. Nilimweleza yote kwa Kigogo: mimba, dereva, presha. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nimesikia," akakata simu. Wiki tatu hakupiga. Niliendelea kushona. Nilijiambia huyo naye nitaweza kuishi bila yeye, na huo ndio uongo pekee niliousema katika habari hii yote.

Asubuhi moja nikasikia mtu anabisha hodi kwa sauti ya kijijini, ile ya kutaka mtaa mzima usikie. Mama alikuwa amesimama na gunia la unga wa uwele, mlenda mkavu kwenye mfuko, na jogoo aliyefungwa miguu. Nilimwamkia. Akaitikia, akaingia, akatazama chumba, akatazama orodha ukutani, ambayo hawezi kuisoma.

"Hii inasema nini?"

Nikamsomea. Akanitaka nimsomee tena. Mara ya tatu alikuwa anaisema yeye.

Hatukuzungumza habari ya aibu, wala hatujaizungumza mpaka leo. Alipika, alifagia, alikataza ule udongo wa sokoni. Siku moja nilimsikia nje akimwambia mwanamke aliyekuja kuniletea kitambaa na "pole" yake: "Pole ya nini? Kuna msiba hapa?" Yule mwanamke alipimwa, akaondoka.

Wiki ya thelathini na saba ya mimba, mchana, nikiwa nakata kitambaa cha kola, nikaona nyota ndogo nyeupe zikipita juu ya mkasi. Nikadhani ni vumbi. Mama alipoona napangusa macho aliniuliza naona nini, nikamwambia. Hakuuliza la pili. Alibeba beseni lenye khanga na vifaa vyangu ambalo lilikuwa tayari nyuma ya mlango, akamtuma jirani aite bajaji.

Hospitali walinichoma sindano ya kuzuia kifafa cha mimba, mwili wote ukawaka moto kama nimemezwa na jiko. Wakaamua kunianzishia uchungu. Walipotaka kuniingiza chumba cha kujifungulia, muuguzi kijana alimzuia mama mlangoni kwa heshima.

"Bibi, msindikizaji ni mmoja, na tunapendelea mwenza. Baba wa mtoto yuko njiani?"

Nilikuwa nimelala, ulimi mzito, nikajaribu kuinuka nijibu. Nilikuwa na jibu, nilikuwa nalo tangu Julai. Mama akaniwahi. Alijibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, taratibu, akilichagua kila neno.

"Baba hakuna. Mimi iko. Mimi nimezaa huyu, mimi najua anavyolia. Andika mimi."

"Bibi, lakini utaratibu…"

"Andika mimi," akarudia, na akaingia. Akawasalimu wanawake wote wa mle ndani, "Mbukwenyi," kama amefika harusini, na wawili waliokuwa Wagogo wakaitikia katikati ya uchungu wao. Akaweka beseni chini, akanishika mgongo. Yule kijana alibaki na daftari lake mlangoni kidogo. Kisha akaandika.

Binti yangu alizaliwa alasiri, mdogo, mwenye hasira, uzito haujafika ule walioutaka lakini sauti imepitiliza. Walimweka kifuani kwangu ngozi kwa ngozi, na nilipochoka mama akafungua blauzi yake akamweka kifuani kwake yeye, akamfunga kwa khanga, akakaa naye hivyo siku mbili bila kuona haya mbele ya mtu yeyote. Presha yangu ilishuka baada ya wiki mbili. Nilipona. Najua wapo ambao hawakupona, nilikuwa nao wodi moja, ndiyo maana siwezi kusimulia haya kama kichekesho.

Sasa binti ana miaka mitatu. Sikuwa kiongozi wa kitu chochote. Sina ofisi, sina fulana. Lakini mjane wa vitumbua alipoona jinsi barua yangu ilivyopita, alianza kuniletea watu. Wa kwanza alikuwa msichana aliyekuja kufanya kibarua cha kuvuna zabibu Makutupora, akabaki na mimba, hajui mtaa wala mtendaji. Nilifunga cherehani nikaenda naye. Mtendaji aliponiona mlangoni alipumua kwa nguvu, akasema, "Najua, najua, bila lile neno," akaanza kuandika kabla hatujaketi. Siku hizi nasikia haliandiki kwa mtu yeyote. Na yule muuguzi wa miwani, anayekuja mwenyewe anampima kwanza, barua anaidai baadaye. Hakunitangazia. Nimeyaona kwa macho, kwa sababu naketi kwenye lile benchi mara nyingi kuliko wanawake wengi wenye mimba.

Wiki iliyopita alikuja mwanamume. Alisimama muda mrefu nje ya pazia la duka dogo ninaloshonea siku hizi, nikadhani ana suruali ya kupunguza. Alikuwa karani, amehamishiwa huku na wizara yake kutoka kusini, amekuja na mke mwenye mimba ya miezi mitatu, na hapa Dodoma hawana shangazi wala dada. Mhudumu ndiye aliyemwelekeza kwangu.

"Mwanamume anaruhusiwa kuuliza mambo haya?" akasema. "Nilikwenda zahanati peke yangu kuulizia, wakanicheka."

"Keti," nikamwambia.

Akatoa kidaftari. Nikamweleza zahanati ipi iko karibu na kwao, siku gani foleni ni fupi, vipimo vya mara ya kwanza ni vipi, beseni liandaliwe na nini, dalili zipi zisisubiri kesho. Aliandika yote kwa mwandiko mzuri wa ofisini. Mwishoni akauliza, kwa sauti ya chini kidogo, kama siku ya kujifungua ataruhusiwa kuingia ndani na mkewe, kwa maana mkewe anaogopa na mama yake yuko mbali.

"Omba mapema," nikasema. "Wataanza kwa kukuambia hapana."

"Halafu?"

"Halafu unabaki umesimama palepale."

Akalifikiria hilo. Kisha akaliandika nalo, akalipigia mstari, akaniuliza kama anaweza kurudi Jumamosi akiwa na mkewe.

Nikamwambia duka liko wazi.